Kutoka Ripoti ya Wiki hadi Taarifa ya Tukio: Usanifu wa Mifumo ya Ufuatiliaji wa Magonjwa Kampala, 2000–2023

Utangulizi

Mnamo Oktoba 2000, ugonjwa wa Ebola ulithibitishwa wilayani Gulu, kaskazini mwa Uganda. Hadi mlipuko huo ulipomalizika, watu 425 walikuwa wameugua na 224 kati yao wamefariki. Katika miaka hiyo, takwimu za vituo vya afya zilisafiri kwa fomu za karatasi kutoka kituoni hadi wilayani, kisha hadi Wizara ya Afya jijini Kampala, na kila ngazi ilijumlisha hesabu kabla ya kuipeleka mbele. Makala haya yanafuatilia namna utaratibu huo ulivyoanza kugeuka kuwa mfumo unaoongozwa na matukio. Hoja yake ni kwamba suala zito la usanifu huo halikuwa kasi ya ujumbe, bali kile kinachohifadhiwa baada ya ujumbe kufika.

Dhana ya tukio

Katika usanifu unaoongozwa na matukio, sehemu moja ya mfumo hutangaza kwamba jambo fulani limetokea, na sehemu nyingine zinazohusika hulipokea tangazo hilo, kila moja ikatenda kazi yake. Anayetangaza halazimiki kuwajua wote watakaopokea. Katika Buganda, mlio wa ngoma wa gwanga mujje ulikuwa na sifa hiyo: ngoma ilipolia, waliosikia walijua kwamba wanaitwa, na mpigaji hakuhitaji kumwendea kila mmoja. Tofauti ni kwamba ngoma haikuacha kumbukumbu. Mfumo wa kompyuta unaweza kuandika kila tukio katika daftari lisilofutwa, ambalo husomwa upya baadaye.

Ugumu hujitokeza pale mashine zinapokuwa mbalimbali. Mwaka 1978 Leslie Lamport alionyesha kwamba katika mfumo uliosambaa, mpangilio wa matukio hauwezi kuachiwa saa za mashine, kwa kuwa saa hizo hazilingani kikamilifu. Ni lazima mpangilio huo usanifiwe. Kwa nchi yenye maelfu ya vituo vya afya, jambo hili si nadharia tupu. Ujumbe uliotumwa Jumatatu kutoka kijiji chenye mtandao hafifu unaweza kufika baada ya ule uliotumwa mjini Jumatano.

mTrac na simu ya mkononi

Mwaka 2011 ulikuwa na matukio mawili yasiyohusiana. Nchini Marekani, wahandisi wa LinkedIn waliitoa hadharani programu huria ya Kafka, ambayo huhifadhi matukio katika daftari linalosomwa na mifumo mingi. Nchini Uganda, Wizara ya Afya, ikisaidiwa na UNICEF na washirika wengine, ilianza kuutumia mfumo wa mTrac, uliojengwa juu ya programu huria ya RapidSMS. Mhudumu wa afya alituma ujumbe mfupi wa simu wenye idadi ya wagonjwa wa magonjwa yanayofuatiliwa na akiba ya dawa, zikiwemo dawa mseto za malaria. Hakuhitaji kompyuta wala intaneti.

Usanifu huo ulidai maamuzi matatu. Kwanza, ujumbe mfupi hautaji kituo ulikotoka, hivyo namba ya simu ya mhudumu ilipaswa kusajiliwa na kufungamanishwa na kituo chake. Mhudumu akihamishwa, usajili nao unapaswa kubadilishwa, la sivyo taarifa itahesabiwa mahali pasipo pake. Pili, ujumbe unaweza kufika mara mbili, na mfumo usiotambua marudio huongeza wagonjwa wasiokuwepo. Tatu, taarifa iliyopokewa ilipaswa kuunganishwa na DHIS2, programu yenye asili yake katika Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Uganda iliieneza nchi nzima mwaka 2012.

Uamuzi wa tatu ndio uliokuwa na matokeo ya kudumu. Jumla ya wiki huonyesha hali ya kituo: wagonjwa wangapi, dawa kiasi gani. Haionyeshi mgonjwa wa kwanza alionekana siku gani, wala taarifa yake ilikaa wapi kabla ya kufika. Kwa kupanga ugavi wa dawa, jumla hiyo inatosha. Kwa kuzuia mlipuko, haitoshi.

Kipimo cha Mubende

Mwaka 2013 Uganda ilianzisha jijini Kampala kituo cha taifa cha kuratibu dharura za afya ya umma. Baadaye namba 6767 ilitumika kupokea tahadhari kwa ujumbe mfupi, bila kungoja mwisho wa wiki. Hata hivyo, tarehe 20 Septemba 2022, Ebola ya aina ya Sudan ilipotangazwa wilayani Mubende, tangazo lilifuata uchunguzi wa vifo sita vya kutiliwa shaka vilivyotokea wilayani humo mwezi huohuo. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 11 Januari 2023, baada ya wagonjwa 142 kuthibitishwa na 55 kati yao kufariki. Njia ya kupitisha tahadhari haimsaidii mtu ambaye bado hajatambua kwamba alichokiona ni tukio. Programu huanza kazi pale utambuzi wa binadamu unapoishia.

Mwaka 2021 lilipendekezwa lengo la 7-1-7: siku 7 za kugundua mlipuko, siku 1 ya kutoa taarifa, na siku 7 za kukamilisha hatua za awali za kukabiliana nao. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizolijaribu. Lengo hili haliwezi kupimwa kwa jumla za wiki. Linahitaji nyakati tofauti zihifadhiwe kwa kila tukio: lilipotokea, lilipotambuliwa, lilipopokewa na liliposhughulikiwa. Mfumo unaoandika muda wa kupokea pekee huficha ucheleweshaji uleule unaotafutwa.

Hitimisho

Daftari lisilofutwa lina gharama yake. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisahihishwe au zifutwe, ilhali nguvu ya daftari ni kutobadilishwa. Njia inayofaa ni kutenganisha: daftari libebe aina ya tukio, mahali na nyakati zake, na utambulisho wa mgonjwa ukae katika hifadhi nyingine inayoweza kufutwa. Uamuzi huo unapaswa kuandikwa katika masharti ya ununuzi wa mfumo, kabla mkandarasi hajaanza kazi. Historia ya Kampala inaonyesha kwamba kilichojumlishwa mapema hakirudishwi kuwa tukio.