Jina la faili: kutoka herufi 8 hadi 255

Kompyuta binafsi ya IBM ilipozinduliwa mwezi Agosti mwaka 1981, mfumo wake wa DOS uliruhusu jina la faili kuwa na herufi 8 tu, pamoja na 3 za kuonyesha aina yake. Barua ya kuomba kazi ikaitwa BARUAKAZ, na baada ya miezi michache mwenyewe alilazimika kuifungua ili akumbuke ilihusu nini.

Tarehe 24 Agosti 1995, Windows 95 ya kampuni ya Microsoft ilipanua nafasi hiyo hadi herufi 255. Programu ya Word nayo ikawa inapendekeza maneno ya mwanzo ya waraka. Pendekezo hilo lafaa kwa makala yenye kichwa. Barua rasmi ya Kiswahili, hata hivyo, huanza kwa anwani ya mwandishi, hivyo barua zake zote huweza kupendekezewa jina moja. Akikubali faili jipya lichukue nafasi ya la zamani, barua ya kwanza hupotea.

Kanuni ya kimataifa ya ISO 8601, iliyotolewa mwaka 1988, hutanguliza mwaka, kisha mwezi na siku. Jina linaloanza hivyo hupanga nyaraka kwa mfuatano wa wakati. Lakini tarehe haisemi barua ilihusu nini. Hilo analijua mwandishi.