Warithi wa kifalme na safari za ndege: kwa nini wanatenganishwa?

Wadau, kila zikitoka picha za familia ya kifalme ya Uingereza wakishuka kwenye ndege, swali linarudi: eti ni kweli mfalme na mrithi wake hawapandi ndege moja? Nimeona niliweke sawa hapa.

Hiyo ni desturi tu, hakuna sheria inayokataza. Mwenye kutoa ruhusa ni mfalme, na huwa inatoka. Mwaka 1983 Charles na Diana walikwenda Australia na William akiwa na miezi 9, ndege moja. Mwaka 2014 William naye akasafiri hivyo hivyo na mkewe na mtoto wao George. Umri unaotajwa sana wa kuanza kutenganishwa ni miaka 12, ambao George aliutimiza Julai 2025. (Pasipoti je? Mfalme hana, maana zinatolewa kwa jina lake. William lazima awe nayo, kama mimi na wewe.)

Sasa kwa nini wahangaike hivyo? Angalieni yaliyowakuta wa Hesse, Ujerumani. Tarehe 16 Novemba 1937 ndege ya Sabena iligonga bomba la moshi la kiwanda karibu na Ostend, Ubelgiji, ukungu umetanda. Ndani alikuwemo mkuu wa ukoo, Georg Donatus, mkewe Cecilie ambaye alikuwa mjamzito, watoto wao wawili wa kiume, na mama mzazi wa Georg. Walikuwa wanakwenda harusini London. Nyumbani kalibaki kabinti kao kadogo tu, nako kakafa 1939. Nyumba nzima, jamani! Hesse walishapoteza utawala tangu 1918, kwa hiyo nchi haikuyumba. Ila Cecilie alikuwa dada wa Philip, yule aliyekuja kumwoa Elizabeth. Philip alikwenda kuzika akiwa na miaka 16.

Sweden ndiko kiti chenyewe kiliguswa. Januari 26, 1947 ndege ya KLM ilianguka Copenhagen mara tu baada ya kuruka, kisa walisahau kutoa kifaa cha kufungia mkia ndege ikiwa imeegeshwa. Wote 22 wakafa, akiwemo Gustaf Adolf, wa pili kwenye foleni ya kiti. Mwanawe Carl Gustaf, miezi karibu 9, hakuwemo. Ndiye aliyekuja kuwa mfalme mwaka 1973.

Na hapa kwetu je? Februari 6, 1952 Elizabeth alikuwa Kenya, katoka kulala Treetops, habari za kifo cha baba yake zikamkuta Sagana. Akarushwa kutoka Nanyuki mpaka Entebbe, dhoruba ikamchelewesha pale, ndipo akaunganisha London usiku. Malkia mpya yuko angani, na anayemfuatia, Charles wa miaka 3, alikuwa ameachwa Uingereza tangu mwanzo wa safari.