Jemaniamu Ilipopanda Nyanda za Juu

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Mawimbi ya redio hayasubiri barabara wala masika kuisha; yakiwa na nguvu za kutosha huvuka mlima wa Kitonga na kufika Iringa, Njombe na Mbeya usiku uleule. Kikwazo kilikuwa kwa msikilizaji. Redio za enzi hizo ziliendeshwa na valvu, chupa za kioo zenye waya ndani ambao sharti upate moto kwanza ndipo redio iseme. Penye umeme, hilo halikuwa shida. Kijijini moto huo ulitoka kwenye betri: moja ya kupasha waya, nyingine ya volti nyingi ya kusukuma mkondo. Zikiisha, redio inageuka kuwa pambo la sebuleni.

Majirani wa upande wa kusini-magharibi walikuwa wamekwisha kujaribu dawa ya ugonjwa huo. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready iliiundia Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) redio ya bei nafuu, ikawekwa ndani ya sufuria ya alumini. Iliuzwa pauni 5, na betri yake, iliyokadiriwa kudumu saa 300 hivi, pauni 1 na shilingi 5. Wanyakyusa wengi wa Mbeya waliokuwa wakifanya kazi kwenye migodi ya shaba ya huko waliishi mle mle ambamo matangazo ya Lusaka yalisikika. Hata hivyo ilikuwa bado redio ya valvu. Mla betri ni yuleyule, ila amebadilishiwa nguo.

Mabadiliko yenyewe yalianzia Marekani. Desemba 1947, katika maabara za Bell, John Bardeen na Walter Brattain walikuza mkondo wa umeme kwa kutumia kipande cha jemaniamu, dutu ambayo haipitishi umeme kama shaba wala haiuzuii kama mpira. Ukiichanganya na chembe chache mno za dutu nyingine, unaweza kuiamuru ipitishe kiasi gani. Kifaa hicho, transista, hakihitaji kupashwa moto. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka mwaka 1954. Sony wakafuata na ya kwao mwaka 1955.

Hapo ndipo mlima ulipofikika. Redio ikaenda kwa betri chache za tochi, zile zile zinazouzwa duka la kijijini kando ya sabuni na chumvi. Kampuni ya Matsushita ilifungua kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na jina la National likazoeleka vijijini. Betri ikichoka, watu waliianika juani ipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari.

Jemaniamu ina udhaifu mmoja: joto. Kwa kadirio la mafundi wa elektroniki, mkondo unaovuja ndani yake huongezeka takribani mara mbili kila joto linapopanda nyuzi 10. Ndiyo maana fundi mzoefu, alipolehemu mguu wa transista, aliubana kwa koleo ili joto liishie kwenye chuma. Mtu anaweza kusema, bila utani mwingi, kwamba transista za mwanzo zilipumua vizuri zaidi kwenye baridi ya Njombe kuliko kwenye jasho la Kariakoo.

Serikali iliona upesi kile ambacho redio hizo zingeweza kufanya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza. Kikundi kilikaa kuzunguka redio, kikasikiliza kipindi, kikasoma kijitabu na kujadili, kisha wanakikundi wakaenda kuchimba vyoo. Mpango wa namna hiyo ungekuwa mgumu mno kwa valvu. Wanahistoria wa ujamaa huandika mengi kuhusu hotuba na maazimio. Ni wachache wanaoikumbuka transista.

Baadaye silikoni, inayostahimili joto zaidi, ikaisukuma jemaniamu pembeni. Ikaja kwenye simu, na kwenye paneli za sola juu ya mabati.

Jemaniamu haikufa, ilibadilisha kazi. Sheria ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, ambayo hupima mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka nchini, ikiwa na maofisa mipakani, Tunduma ikiwamo. Kipimo cha namna hiyo kinaweza kufanywa kwa jemaniamu: mionzi ya gama inapopiga fuwele safi ya jemaniamu huzaa umeme kidogo, na ukubwa wa umeme huo hutambulisha chanzo chake: kama ni potasiamu ya kawaida iliyomo kwenye kila mbegu ya maharage, au ni seziamu iliyotoka kwenye ajali ya kinu cha nyuklia. Udhaifu ni uleule wa zamani. Kwenye joto la kawaida fuwele huvuja mno, kipimo kikapotea, kwa hiyo vigunduzi vya aina hii kwa kawaida hupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika hadi nyuzi 196 chini ya sifuri. Baridi ya Njombe pekee haitoshi.