Milima yenye kuchorwa, kutoka Kiantapo mpaka Chongoni

Sisi batu ba Lualaba, tukionyeshwa mulima, tunauliza kwanza: ndani muko mukuba ao kobalti? Ni ulizo la haki, maana mulima njo ulitulisha. Tangu zamani bankambo balichimba malakiti, bakayeyusha mukuba na kuumba misalaba. Kule Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, bafundi ba vitu vya kale balichimbua makaburi mu 1957 na 1958, bakakuta misalaba ya vile pamoja na wafu. Lakini mulima ulikuwa na kazi ingine, na ile tunaanza kuisahau: ulifundisha bana.

Katanga yetu iko na pango la Kiantapo. Kuta zake ziko na alama za kukwaruzwa na za nukta-nukta. Padri Mufransa Henri Breuil alizitolea kitabu mu 1952. Basomi bangapi ba Kolwezi banajua jina lile?

Tukivuka mupaka, kule Mwela karibu na Kasama, Zambia, mabwe ya ndani ya miombo yanabeba michoro mamia. Mbele zaidi, Malawi, kuko milima ya Chongoni yenye misitu, mu wilaya ya Dedza. Pale kuko fasi 127 zenye michoro, na UNESCO iliziandika mu urizi wa dunia mu 2006, mwaka mumoja na michoro ya Kondoa, Tanzania.

Chongoni iko na michoro ya aina mbili. Ile nyekundu ni ya Batwa, bawindaji ba kwanza. Ile nyeupe ni ya Bachewa, balimaji. Bamama ba Kichewa balichora kwa udongo mweupe kwa ajili ya chinamwali, mafundisho ya wasichana benye kukomaa. Wanaume balichora mambo ya nyau, ngoma yabo ya vinyago. Kazi ile iliendelea mpaka ndani ya karne ya 20. Na Bachewa banasimulia kwamba bankambo babo balitoka inchi ya Baluba, ni kusema huku kwetu.

Kwa hiyo tukienda kule, hatuendi kuangalia mambo ya bageni. Na sisi tuko na mukanda wa vijana, na bandugu zetu Batshokwe banachora sona mu muchanga wakifundisha. Tofauti ni kwamba muchanga unafutika, jiwe linabakia. Njo maana mwenye kutembelea asiguse michoro, asimwangie maji ili ionekane vizuri kwa picha, na asikilize mwenye kumuongoza.

Chongoni inalindwa na sheria, ndiyo. Lakini inalindwa zaidi sababu benyeji bangali na kazi nayo: desturi zabo zingali zinashikamana na milima ile. Mulima usio na mutu wa kuusimulia, nani atausemea siku mashini inafika?

Kwetu Kolwezi, tangu 2014 batu ba Kasulo balichimba mpaka chini ya nyumba zabo. Hatubalaumu, bana banapashwa kula. Lakini mukuba unauzwa mara moja, na mulima uliochimbwa haurudi. Basi, mbele karieri ingine haijafunguliwa, kila mutu aulize bazee ba kwao: mulima ule unaitwa nani, nini ilifanywa pale, muti gani haukatwi? Tuandike majibu, tupige picha ya kila alama juu ya jiwe. Bazee benye kujua banabakia kidogo.