Mfereji, Mashine na Kipimo: Tarikh ya Kilimo cha Jangwani



Ndugu msomaji, vijana wengi wa Mombasa tunajua kwamba Waomani waliwatoa Wareno Fort Jesus mwezi wa Disemba 1698, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Imamu wa Oman wakati huo alikuwa Seif bin Sultan. Lakini kwao Oman hakumbukwi kwa mizinga peke yake. Walimpa lakabu ya Qaid al-Ardh, yaani pingu ya ardhi, na watu wa tarikh wanamtaja kwa kutengeneza mifereji na kupanda mitende kwa maelfu.

Mfereji wa aina hiyo huitwa falaj. Mwengine huchimbwa chini ya ardhi kutoka karibu na mlima, kwa mteremko mdogo sana, mpaka maji yafike kijijini yenyewe bila ya pampu. Oman bado ina aflaj zaidi ya 3,000 zinazotiririka, na mwaka 2006 tano kati ya hizo ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Lakini siri yake si uchimbaji tu, siri ni hisabu. Kwanza watu wapate maji ya kunywa, bure. Kisha mashamba hugawiwa kwa zamu: mchana walipima kwa kivuli cha jua, usiku kwa nyota. Mwaka wa ukame mitende hutangulia, na bustani za mboga hupunguzwa. Zamu nyengine ni wakfu wa misikiti.

Halafu yakaja mafuta, na pamoja nayo pampu. Saudi Arabia, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, ilichimba visima virefu ikalima ngano jangwani, mpaka ikawa inauza nje. Kumbe maji yale yalikuwa ya kale, yamekaa chini maelfu ya miaka, na mvua haiwezi kuyarudisha. Mwaka 2008 serikali ikaamua kupunguza, na 2016 ikasimamisha kununua ngano ya ndani. Mashine ilikuwepo, kipimo hakikuwepo.

Wengine wakashika njia tafauti. Abu Dhabi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Arizona walilima matango na tungule kisiwani Saadiyat ndani ya vibanda vya plastiki, kwa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa joto la injini. Dubai, Julai 2022, lilifunguliwa jengo zima la kulima mboga za majani bila ya udongo, rafu juu ya rafu chini ya taa, na maji yanazungushwa yatumike tena. Hapa Afrika, karibu na Berbera, mwaka 2017 kilijengwa kibanda ambacho upepo hupita kwenye kuta zilizoloweshwa maji ya bahari. Hewa ikipoa, mmea haushikwi na kiu kali.

Ukitazama vizuri, vinavyofaa katika hivi vinarudi kwenye kanuni ya falaj: kila tone lina hisabu yake.

Sasa tujitazame sisi. Hapa Shimanzi matangi ya mafuta yamejaa, lakini maji ya bomba yakikatika twangoja mkokoteni, tununue kwa mtungi. Maji ya kisiwa hiki mengine yatoka chemchemi ya Mzima, zaidi ya kilomita 200. Na mboga nazo zashuka kwa malori kutoka bara, kisha twalalamika bei ya sukuma ikipanda Ramadhani.

Hatuna pesa za Dubai, lakini misikiti tunayo, na kila swala maji ya udhu yanakwenda kwenye mtaro. Tumesoma madrasa kwamba maji yaliyotumika kwa udhu, katika madhehebu yetu ya Shafii, ni tahiri ingawa hayatwahirishi tena. Basi mche wa mchicha hauna neno nayo! Bomba moja, mapipa mawili na magunia ya udongo vyatosha kuanzia. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu, maji ya kujaza viganja viwili. Vijana wa kila msikiti wakae na kamati yao mwezi huu walizungumze.

Allah (s.w.) atukubalie saumu zetu na atuepushe na israfu. Amin. Wabillahi tawfiq.