Sahani Isiyorudi Tupu: Mapishi Yetu na Majirani wa Unguja



Historia ya hekalu kwa kawaida huandikwa kwa mawe: nani alitoa kiwanja, nani alileta sanamu, paa liliezekwa upya lini. Mambo hayo yana kurasa zake katika toleo hili la kumbukumbu. Sisi tumeomba nafasi ya kuandika habari za jikoni, ambako ujirani wetu na wenyeji wa Mji Mkongwe ulijengwa polepole, na mara nyingine kwa kuumizana.

Wazee wetu walitoka Kutch, wengi wao kupitia bandari ya Mandvi. Walikuja kwa majahazi na upepo wa kaskazi, unaovuma tangu Desemba hadi Machi, na waliotaka kurudi walingoja kusi. Tangu miaka ya 1830 forodha ya Unguja ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, na kwa kivuli chake vijana wengi walipata kazi ya ukarani. Vitabu vinaeleza kwa urefu habari za pembe, karafuu na mikopo. Havielezi vijana hao walikula nini usiku.

Walikuja bila wake wala mama zao. Desturi ya wakati ule ilichukia mwanamke kuvuka bahari, na hadi karibu miaka ya 1880 ilikuwa nadra kabisa kumwona mwanamke wa Kihindu kisiwani. Basi kijana ambaye kwao hakuwahi kugusa unga aliwasili hapa akakuta lazima ajifunze kusukuma chapati. Hakuweza kununua chakula cha kupikwa njiani, kwa kuwa wengi wetu ni watu wa Vishnu, hatuli nyama, samaki wala mayai, na sheria ya nyumba zetu ilikataza hata chungu kilichowahi kupikiwa vitu hivyo. Karani mkubwa alimfundisha karani mdogo: mvuje chembe tu, haradali ipasuke kwanza ndani ya samli, uwatu usiungue. Tumesikia kwa wazee kwamba chapati za mwaka wa kwanza zilikuwa na umbo la ramani ya Bara Hindi.

Chumba cha kupanga kilikuwa mara nyingi chini ya nyumba ya mwenyeji, naye mwenyeji akiishi juu na watu wake. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Mswahili mstaarabu hawezi kupika harufu ikamfikia mgeni, kisha asimpelekee. Sahani ya wali na samaki iliteremshwa ngazi, imefunikwa kawa. Kijana aliikataa. Aliikataa kwa heshima, mikono ameikunja kifuani, lakini aliikataa, na sahani ikapanda ngazi kama ilivyoshuka.

Tusilifiche jambo hili kwa kuwa ni siku ya sherehe. Kwa mwenyeji, chakula kilichorudishwa ni uso uliorudishwa. Sisi tuliita usafi wa dini. Wao walisikia kwamba vyungu vyao ni vichafu. Zaidi ya hayo, sisi wenyewe tulikuwa wepesi wa kupeleka ladu na bajia kwao siku ya Diwali, tukitazamia zipokelewe kwa furaha. Kupeleka bila kupokea ni ukarimu wenye kilema. Methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa haikutungwa kwa sababu ya deni peke yake, kwa maoni yetu; ndani yake mna sahani zilizokataliwa.

Waliopata njia ya kutoka ni wenyeji, wala si sisi. Walitazama wakagundua kwamba Baniani hukataa kilichopikwa, lakini matunda na vitu vibichi huvipokea kwa mkono wowote. Tangu hapo sahani ya Diwali haikurudi tupu: ilirudi na nazi, embe, ndizi au mbaazi zilizochumwa shamba. Hizo mbaazi zina kisa chake. Sisi huzipasua, tukazichemsha na bizari na ukwaju hadi ziwe mchuzi mwepesi. Wenyeji huzipika nzima kwa tui zito na kuzila kwa mahamri asubuhi. Ni mbegu ile ile, na kila upande ulidhani mwenziwe anaiharibu. Halikadhalika wali uliopikwa pamoja na choroko, ambao sisi huuita khichdi na kumpa mgonjwa: wenyeji walikuwa nao wakiuita mseto.

Wanawake wetu walipofika, masomo yalikwenda mbio. Kutch ni nchi kavu, na bibi zetu hawakuzoea kupika kwa nazi kila siku. Walifundishwa na majirani kukaa juu ya mbuzi na kukuna, kukamua tui la kwanza na la pili, na kusaga chatini ya nazi, pilipili na ndimu. Majirani hawakuacha kucheka kwamba watu wasiokula nyama sasa wanafuga mbuzi jikoni. Nao walichukua kwetu bajia, lakini unga wa dengu ulipokuwa ghali walisaga kunde zilizolowekwa, wakapata bajia laini kuliko zetu, jambo ambalo bibi zetu hawakulikiri hadharani. Mwezi wa Ramadhani kachori zetu zilipelekwa kabla ya magharibi, zikaliwa kwenye futari.

Kizuizi cha chungu, hata hivyo, kilibaki. Kiliondolewa, katika nyumba moja ya jamii yetu, na jirani mmoja aliyekwenda sokoni akanunua sufuria mpya, akaileta mlangoni kabla haijaguswa na moto, akasema, “Shoga, hii ni yako, ila itakaa kwangu. Haitaingia samaki.” Akaitundika kwenye msumari wake peke yake. Ijumaa moja alipika ndani yake mbaazi za nazi, akazileta, akasimama. Bibi aliyezipokea alisimulia baadaye kwamba alisikia moyo wake ukipiga kuliko siku ya arusi yake. Alikula. Mumewe hakula siku ile. Alikula mwaka uliofuata.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi zetu ziliondoka, nyingine Dar es Salaam, nyingine India na Uingereza. Waliobaki walikuwa wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele na unga vilipoadimika, nyumba zote zilikula mihogo, na wetu wakaona faraja ndogo: mhogo si nafaka, hivyo unafaa hata siku ya mfungo wa Ekadashi. Aliyetufundisha kuumenya bila kupoteza nyama yake, kuuchemsha na kuutilia tui ni jirani yule yule mwenye sufuria.

Leo mgeni akishuka Forodhani huuliza urojo, naye huambiwa kuwa ndicho chakula cha Unguja. Ndani ya bakuli hilo mna bajia, kachori, viazi, chatini ya nazi na chipsi za mhogo, katika mchuzi wa manjano wenye uchachu wa embe mbichi. Wengine huongeza mishkaki na yai. Sisi tunaomba bila. Hakuna muuzaji anayetuuliza sababu, kwa kuwa anaijua tangu utoto wake.

Sufuria ile imechakaa, imetiwa kiraka mara mbili, na sasa iko kwa binti wa aliyeinunua. Siku ya maadhimisho atapika ndani yake mbaazi za nazi uani mwa hekalu, nasi tutakaanga bajia, za dengu na za kunde. Majirani wote wanakaribishwa baada ya ibada ya asubuhi. Tunawaomba wasichelewe, za kunde huisha kwanza.