Mchochota wa Mishipa ya Damu, Si Uvimbe

Kijitabu cha wahudumu wa afya kilichonifikia hapa Ifakara kimetafsiri *vasculitis* kuwa "uvimbe wa mishipa". Waliokaa kitako wakaipitisha tafsiri hiyo ni wasomi, sina shaka, ila sidhani kama yupo aliyewahi kupanga foleni na wagonjwa wa bonde la Kilombero. Huku mtu akisema mshipa unamsumbua, wengi hufikiria ngiri. Ukiongeza uvimbe, watafikiria busha, na wana haki: minyoo ya matende, inayoenezwa na mbu, ndiyo huleta busha, nayo huharibu mirija ya limfu, si ya damu.

Kinachotokea kwenye mishipa hiyo Walatini walikiita *inflammatio*, yaani kuwasha moto. Celsus, katika karne ya kwanza, alitaja dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Wanakamati wetu wameokota robo wakaipa jina la kitu kizima! Wapinzani wao wakaja na "uchochezi", neno ambalo kwetu hufunguliwa kesi mahakamani. Mimi nilipendekeza mchochota, kutokana na kuchochota, kuuma kwa moto kama pilipili kwenye mdomo uliopasuka. Halikujadiliwa hata kidogo. Mbona kichomi kilitokana na kuchoma na hakuna aliyelalamika?

Watetezi wa uvimbe watanitajia Kussmaul na Maier, Wajerumani walioeleza mwaka 1866 vinundu kwenye ateri za kijana fundi wa ushonaji. (Mwanzoni walidhani ni minyoo; daktari wa Ifakara angewasamehe upesi.) Sawa, vinundu vilikuwepo. Lakini mwaka 1908 Takayasu, daktari wa macho wa Japani, alieleza mishipa isiyo ya kawaida ndani ya jicho la mwanamke wa miaka 21, na wenzake wawili wakasema wagonjwa wao wa namna hiyo hawakuwa na mapigo kwenye kifundo cha mkono. Ukuta wa ateri ukichochota hunenepa, njia ya damu ikawa nyembamba, pengine ikaziba. Mhudumu anayetafuta uvimbe ataupapasa wapi, wakati kilichopotea ni mapigo?

Matumizi: mchochota wa mishipa ya damu kwa jumla, mchochota wa ateri ukiwa huko, "ya damu" isiachwe kamwe baada ya "mishipa".

Wahariri wa vitabu vya uuguzi, katika toleo lijalo futeni "uvimbe wa mishipa". Jina hilo linampeleka mgonjwa kwenye foleni ya ngiri.